Bucha Aliyeuhama Moshi

Ukuta uliokuwa kati ya cherehani yangu na gogo lake la kukatia nyama ulikuwa wa mbao, na ukuta wa mbao hauna siri. Nilimjua Bucha kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Asubuhi nilisikia kisu kikinolewa, kisha shoka likishuka juu ya mfupa, kisha kikohozi kirefu, halafu kiberiti. Miaka iliposonga kiberiti kilinyamaza, na mahali pake pakaja chafya. Yote ninayotaka kuyasimulia yalitokea kati ya kiberiti na chafya.

Alizaliwa wapi, babu yake alitoka pwani au alitoka kaskazini, hayo waulizeni wengine. Waislamu wa mtaa wetu wa Makutano wenye mabucha ni watu wa damu nyingi, na mkianza kuulizana nani katoka wapi mtalala njaa. Mimi mwenyewe natoka Githongo, kwenye kahawa, nikaja mjini Meru na cherehani moja na mtoto mgongoni. Tulikutana ukutani tukawa majirani, na ujirani huo ukatutosha.

Bucha ni jina la duka, kila mtu anajua. Lakini kwake yeye jina la duka lilimwangukia mwenyewe likamkaa. Watu walimwita Bucha msikitini, walimwita Bucha sokoni, na mkewe akikasirika alimwita hivyo pia. Asipokasirika alimwita Baba Rehema.

Alikuwa mtu wa usafi uliopita kiasi. Gogo lake alilikwangua kila jioni kwa kisu kipana, akalimwagia maji ya moto na chumvi, akalifunika kwa kitambaa nilichomshonea mimi, na asubuhi akalikwangua tena kana kwamba kuna mtu aliyelilalia. Mteja akigusa nyama kwa kidole, nyama hiyo ilikuwa yake, apende asipende. Na pamoja na nyama yote iliyoning'inia mbele ya macho yake, chakula chake cha mchana kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mkewe aliileta saa saba kwenye sufuria ya mfuniko, naye akaketi kwenye ngazi na kuila polepole, mgongo ukiwa umeelekea mapaja ya ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema fundi wa majeneza halali ndani ya jeneza.

Ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu, ila ulikosa ala. Siku moja mama mmoja alisimama dirishani akimkatalia kila kipande chenye mfupa, hiki hapana, hicho hapana. Bucha akaweka kisu chini akamtazama kwa upole mwingi.

"Mama, hii ng'ombe ilikuwa inatembea na mifupa," akamwambia. "Ama ulitaka ikuje ikibebwa?"

Mama yule aliondoka amenuna. Kesho yake alirudi, na Bucha akamkatia steki nzuri bila neno na kumwongezea ini juu. Ndivyo alivyoomba radhi. Sikumsikia hata mara moja akitamka pole kwa mdomo wake, lakini ini lake limesuluhisha ugomvi mwingi pale Makutano.

Sasa sigara. Nilikuwa nikimshonea aproni, na kila mara alitaka mfuko wa kifuani wenye kifuniko, damu isije ikalowesha pakiti. Hakuvuta juu ya nyama, hilo nimpe haki yake. Alitoka nyuma, kwenye kichochoro chetu, akavuta huku amesimama na kurudi kunawa. Lakini moshi haunawi. Ulipenya kwenye mbao ukaingia kwangu ukajilaza kwenye gauni za maharusi. Nilimlalamikia mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba moshi hauna adabu lakini yeye mwenyewe anayo, na kwamba nishukuru Mungu jirani yangu si fundi wa kuchomelea vyuma.

Mkewe alikuwa na pumu. Ukimsikia anakuja, ulisikia kifua chake kabla hujasikia salamu yake: filimbi nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Kutoka kwao, nyuma ya msikiti, hadi dukani kuna kilima kidogo, na kila siku baada ya kumpa mumewe githeri aliketi kwenye benchi langu kupumzisha pumzi. Tulizungumza hapo mambo yetu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho ya kuona mbali, na kicheko kilichokatishwa na kikohozi katikati. Nyumbani Bucha alivuta sebuleni, dirisha likiwa wazi, akiamini dirisha linatosha. Alimpenda mkewe, niliseme mapema mtu asije akamdhania vibaya. Alimpenda na alimvutia moshi, yote mawili kwa pamoja, kwa miaka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha mkewe akashikwa vibaya. Walimkimbiza hospitali asubuhi moja midomo ikiwa imegeuka rangi, na alipopata nafuu daktari, binti mdogo tu wa umri wa Rehema wao, aliwaketisha wote wawili akawaambia kifua hiki na moshi huo haviwezi kulala nyumba moja. Bucha alirudi dukani siku ile akakata nyama kama mtu anayekata kuni. Wiki hiyohiyo mkewe alifunga mzigo aende mjini Maua, kwa binti yao Rehema. Alipita kwangu kuniaga akaketi kwenye benchi lile lile.

"Simwachi, Fundi," aliniambia. "Naacha moshi. Yeye akiuacha pia, nitarudi. Asipouacha, basi atakuja kunizika Maua."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala vizuri usiku ule.

Basi Bucha akabaki na nyumba. Ninyi mnaweza kudhani aliacha sigara palepale, kwa uchungu. Hapana. Alifanya wanavyofanya watu wengi wenye akili: alitafuta njia ya mkato. Alikuja kwangu akaniagiza mapazia mapya, ya nyumba nzima, kitambaa kizito cha maua mekundu. Nikashona bila kuuliza. Akapaka rangi kuta, akafukiza udi siku mbili mfululizo, kisha akampigia mkewe simu kwamba nyumba sasa ni safi, arudi.

Mama Rehema alikuja. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nikimalizia kupinda pazia la jikoni. Alisimama mlangoni akanusa. Akashika pazia la sebuleni akalileta puani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona Bucha anaanza kutabasamu. Halafu yule mama akapita moja kwa moja hadi chumbani, akafungua kabati, akatoa kanzu ya Ijumaa ya mumewe akauzika uso wake ndani yake. Akakohoa. Akaikunja kanzu vizuri akairudisha mahali pake, akachukua mkoba wake, na gari la saa nane la Maua halikumwacha. Bucha alikaa kwenye kiti, macho kwenye kabati. Mimi nilimalizia pazia langu, maana kazi ya watu ni kazi ya watu, lakini nilimwonea huruma na nilimkasirikia vilevile.

Hapo ndipo alipoanza kuacha kweli. Alijaribu peremende za mnanaa, meno yakamuuma. Alijaribu njugu, akajaza maganda kichochoroni. Rafiki zake wa kijiweni wakamwambia atafune miraa, mdomo uwe na kazi, na hilo ni kosa ambalo mtu anaweza kulifanya Meru tu. Maana miraa na sigara ni mapacha. Ukimwita mmoja mwenzake anakuja bila kualikwa. Jioni ile alivuta pakiti nzima. Alikuwa akisema mwenyewe, tena kwa fahari ya ajabu, kwamba ameshindwa na kila kitu Mungu alichoumba.

Aliyemtoa hapo alikuwa bibi mmoja wa Kiirua, tuliyemwita Cucu, aliyekuwa akishuka siku za soko kuuza ugoro. Aliusaga mwenyewe kwa jiwe, akachanganya na magadi, akaupima kwa kifuniko cha soda. Cucu alikuja kununua matumbo akaona mkono wa Bucha ukiacha kisu kila mara kupapasa mfuko wa kifuani uliokuwa mtupu. Akamuuliza anaumwa nini. Bucha, ambaye alikuwa hamwambii mtu shida zake, sijui kwa nini, alimwambia yote: moshi, kifua, Maua, kanzu. Cucu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kikopo kwenye fundo la leso yake.

"Hii si dawa, mwanangu," akasema. "Wasikudanganye. Ni mbaki tu, tumbaku kama hiyo yako. Lakini hii haina moshi. Inaingia kwa wewe peke yako."

Bucha akachukua kiasi kikubwa mno, kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria ya harusi, akavuta. Sitasahau kilichofuata. Alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka, akapiga chafya akiokota kofia, akapiga chafya huku machozi yakimtiririka na wateja wakishikilia mbavu. Cucu alingoja kwa adabu mpaka tufani ikapita, akadai matumbo yake. Lakini mchana ule Bucha hakwenda kichochoroni. Wala kesho yake.

Haikuwa rahisi, msinielewe vibaya. Wiki za kwanza alikuwa hasemeki. Aligombana na mizani, aligombana na nzi, na mara mbili nilisikia kiberiti kikikwaruzwa nyuma kisha kikitupwa. Lakini ugoro ulimshika mkono akavuka. Mwenyewe alipenda kusema dawa ya moto ni moto, nami nilikuwa nikimjibu kwamba moto huohuo bado uko kwake, amehamisha jiko tu. Tulibishana hivyo kwa miaka, na wote wawili tulikuwa na haki.

Sasa fikirini, bucha anayepiga chafya. Mteja gani atanunua nyama kwa mtu wa namna hiyo? Bucha alilijua hilo kabla hajaambiwa, akajitungia sheria. Ugoro hauingii dukani. Kikopo kilikaa kwenye tundu la ukuta wa kichochoroni. Kilishikwa na mkono wa kushoto tu. Mkono wa kulia ulikuwa wa kisu na wa kula, hauujui ugoro wala haukutambulishwa. Alitoka, akanusa, akapiga chafya zake zote nje mpaka ya mwisho, akanawa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko kwa maji ya moto na sabuni, ndipo akarudi. Chafya ikimjia ghafla akiwa kwenye gogo, aliacha kisu na kukimbia nje huku ameshika pua, na watu wa pale walizoea kusubiri. Wakati mwingine foleni nzima ilisikiliza kimya, chafya baada ya chafya, mpaka mmoja akasema, haya, amemaliza. Mimi kazi yangu ilikuwa leso. Nyeupe hazikufaa, unajua kwa nini. Nilimshonea za rangi ya kahawa, kutokana na mabaki ya sare za shule.

Alipata na marafiki wapya. Wazee wa mashamba ya kahawa waliokuwa wakimpita miaka yote, kwamba yule ni Mswahili wa mjini, sasa waliketi kwenye ngazi yake. Kwa wazee wa huku, mwenzako akikunyooshea kiganja huulizi anataka nini, unamtilia mbaki. Bucha hakujua desturi hiyo. Mzee wa kwanza alipomnyooshea kiganja, alimpa mkono wa salamu. Wakacheka, wakamfundisha. Ilimfurahisha sana kupata watu wa kukaa nao, maana nyumbani hakukuwa na mtu.

Mkewe alirudi kipupwe kilipokwisha. Safari hii hakupigiwa simu wala hapakuwa na rangi mpya. Alikuja mwenyewe, akaanza na kabati. Kanzu ikapita. Mapazia yangu yakapita. Akamwita mumewe, akamwambia ainame, akamnusa ndevu. Na hapo akapiga chafya, yeye.

"Na hii nini?" akauliza.

Bucha akamwonyesha kikopo. Hakuficha, nadhani kanzu ilimfunza. Akamweleza habari za Cucu, za kichochoro na za mkono wa kushoto. Mama Rehema akakaa na kile kikopo mapajani, akakifunga na kukifungua.

"Hii inaingia kwa nani?"

"Kwangu peke yangu."

"Basi tutaanzia hapo," akasema, akavua viatu.

Hayo alinisimulia mwenyewe kesho yake, ameketi kwenye benchi langu, na filimbi ya kifua chake ilikuwa imeshuka mpaka nikawa naweza kusikia cherehani ya jirani wa tatu. Nililia kidogo. Nikamwambia ni vumbi la kitambaa.

Yule daktari binti, walipokwenda kumwona, alifurahi kwa nusu. Kwa kifua cha mama alifurahi kabisa. Kwa Bucha alisema tumbaku ni tumbaku hata ikiingilia mlango mwingine, kwamba pua ina mwisho wake na moyo una mwisho wake, na kwamba asikae hapo alipofika kama mtu aliyefika. Bucha alimheshimu sana binti yule. Alimpelekea ini.

Lakini aliendelea kunusa, tena akaanza kujisifu, na hapo ndipo Mwenyezi Mungu alipomrudi. Ilikuwa Ramadhani ya kwanza tangu aache sigara. Miaka yote Ramadhani ilikuwa ikimtesa, si kwa njaa, kwa sigara; kufika saa kumi alikuwa hata jina lake hataki kuitwa. Mwaka ule alikuwa mchangamfu mpaka magharibi. Alituambia funga imekuwa nyepesi kama unyoya. Mimi, Mkristo wa Githongo, nilificha chai yangu chini ya cherehani kwa heshima yake, kumbe mwenzangu anajinusia kichochoroni mchana kutwa. Hesabu yake ilikuwa hii: saumu ni ya mdomo na tumbo, pua ni njia ya hewa, na hewa haifungwi.

Mwalimu wa madrasa alikuja kununua nyama ya sambusa akamkuta anarudi amelowa machozi. Akamuuliza saumu iko? Iko, akajibu. Na hiyo puani? Ni dawa tu, Mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu mpole; alimshika bega akamtoa pembeni, lakini mbao zangu zilisikia. Akamweleza kwamba anachokivuta puani kwa makusudi, kikashuka kooni, kinafunguza. Siku zote zilizopita hazikuhesabika, na atazilipa.

Nilimwona Bucha mara chache amenyongeka vile. Alidhani amefunga, na alikuwa ameshinda njaa bure. Alimaliza mwezi bila kugusa kikopo mchana, akiwa mchungu kama shubiri, na Idi ilipopita, wakati wenzake wanakula pilau, yeye akaanza kulipa. Alilipa peke yake, katikati ya Makutano iliyojaa harufu ya mihogo na mahindi ya kuchoma. Mkewe alifunga pamoja naye siku alizoweza, kifua kikiruhusu, ili asile daku peke yake. Mimi chai yangu ilirudi chini ya cherehani.

Deni lile la funga lilimfanyia kitu ambacho daktari na mimi tulishindwa. Alipomaliza alikuja mlangoni kwangu, akasimama na mikono nyuma.

"Fundi, kumbe naweza," akasema. "Kutoka alfajiri mpaka jua kuzama. Hakuna mtu alikuwa ameniambia naweza."

Sikumkumbusha kwamba tulimwambia sote. Tangu hapo mchana haukuwa wa ugoro tena, ila baada ya magharibi tu, nyumbani, uani. Mwonja asali haonji mara moja, na Bucha alibaki na jioni zake. Foleni yake ikaenda haraka, na wazee wa kahawa wakahamia kwa fundi wa viatu.

Alikuwa mkali kwa vijana, na hapo palikuwa na unafiki ambao nilikuwa nikimwambia usoni. Kulikuwa na kijana mmoja muuza simu, mwenye kile kidude cha sigara ya umeme shingoni, akitoa moshi wa harufu ya stroberi tangu asubuhi. Jioni moja alikuja dirishani, sauti ya chini.

"Mzee, nipee hiyo ugoro kidogo. Nataka kuwachana na hii vape, imenimaliza."

Nilidhani Bucha atafurahi kupata mwanafunzi. Alimwangalia sana.

"Mimi nilitoka nyumba inaungua nikaingia nyumba inavuja," akamwambia. "Wewe mlango wa nje uko hapo mbele yako. Unataka kuingia kwa yangu kufanya nini?"

Akamwambia kila kidude kikimwita, aje alikwangue gogo. Kijana alikuja jioni nyingi, akakwangua mpaka gogo likapata kiuno. Baadaye alihamia mji mwingine, na kama aliacha au hakuacha mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Bucha akishamhubiria, alifunga duka akaenda nyumbani kunusa. Nilipomsuta alisema mtu aliye shimoni ndiye anayejua kina chake.

Miguu ilipomchoka alimwachia mpwa wake duka. Mpwa ni kijana mzuri, mpole kwa wateja, na sote tunakosa kutukanwa. Ukuta wangu sasa unatoa muziki wa redio. Bucha nikawa namwona Ijumaa, akipita polepole kwenda msikitini, na sikukuu.

Idi iliyopita nilikwenda kwao na sukari na majani ya chai, kama ninavyofanya kila mwaka. Nilimkuta uani kwenye kiti cha kamba, jua likimpiga magotini, ndevu nyeupe kabisa. Mkewe akanivuta jikoni nikamsaidie kupakua pilau. Pilau ilikuwa imekwisha kupakuliwa. Alichotaka ni kunionyesha kitu, na alifunga mlango kwanza.

Kwenye kikaango palikuwa na nafaka ya wimbi iliyokaangwa mpaka ikawa rangi ya udongo. Akaniambia anaisaga laini, anaichekecha kwa kipande cha shela, anatia chembe ya magadi ili iume kidogo. Kila ugoro mpya ukiletwa, yeye ndiye anayejaza kikopo. Na kila anapojaza, anapunguza ule na kuongeza hii. Alianza kidogo sana, kijiko kwa kikopo kizima. Aliogopa mumewe angegundua. Sasa, akasema huku ameshika mdomo asicheke kwa sauti, kikoponi hamna tumbaku hata kidogo. Mzee wake ananusa unga wa uji tangu mwezi wa mfungo sita.

"Usimwambie, Fundi. Akijua ataona haya, halafu ataurudia."

Nikaapa. Nikatoka na sinia, nikaketi karibu naye, na uso wangu, Mungu aliniumba hivyo, haufichi kitu. Bucha alikula kidogo, githeri haikuwapo. Akatazama mlango wa jikoni, akanisogelea.

"Amekuonyesha kikaango?"

Nikamsogezea sinia.

"Mimi nimekaa na mbaki puani miaka hii yote," akasema. "Unadhani siwezi kujua unga wa wimbi? Nilijua kitambo. Nikaona tamaa yenyewe inaisha kidogo kidogo, nikasema, wacha aendelee."

Nilimuuliza mbona asimwambie, amefika, amemaliza, wafurahi pamoja. Akafikiri. Alikuwa na sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kupitia mbao.

"Ile wakati alienda Maua, nililala kwa ile nyumba nikajua hakuna mtu ananihangaikia. Sasa huyu mama anaamka, anakaanga, anasaga, anaficha. Kwa sababu yangu, Fundi. Na mimi nimkataze?"

Jikoni mlango ukafunguka, na Mama Rehema akauliza kwa sauti kama kikopo bado kina kitu au amwekee kingine. Bucha akanikonyeza. Akakitoa kikopo mfukoni, akachukua unga wake kwa mkono wa kushoto, akauvuta, akangoja, na alipoona chafya haiji akajitungia moja, kubwa, ya uongo mtupu, mpaka kuku wakatawanyika.

"Alhamdulillahi," akasema.

Na mkewe, huko jikoni, akiwa ameinama tena juu ya jiko, akamjibu kwa pumzi moja ndefu, safi, isiyokatika: "Yarhamukallah, Baba Rehema, na akuzidishie afya, na akuweke, na aniweke na mimi nikuone."

Bucha alikuwa amefumba macho, anasikiliza kifua kile.